Tulivyolifufua tawi letu la frateniti kwa mbinu za kamati ya harusi

Ukitaka kichwa kikuume, tangaza kwamba unafufua tawi la frateniti lililofungiwa. Kila mtu atakuja na ushauri, na wenye ushauri mwingi ni wale wasiolipa ada. Mmoja wa wahitimu wetu, muuza magari, alinipigia saa nne usiku kunieleza kwamba dawa ni moja tu: pati kubwa wiki ya kwanza ya muhula, muziki usikike hadi maktaba. Nikamkumbusha kwamba tuko chini ya uangalizi wa chuo na pombe hairuhusiwi kuvuka mlango. "Basi fanyeni nyumba ya jirani," akasema. Mwingine alitaka tupake nyumba rangi mpya. Wa tatu alisema tujifiche hadi waliokuwepo wahitimu wote, watu wasahau. Huyo nusura nimjibu vibaya, maana tungejificha hivyo, deni tunalodaiwa na makao makuu ya frateniti angelipa nani?

Kwa msomaji aliyeko Mbagala au Nakuru: frateniti ni chama cha wanafunzi wa kiume katika vyuo vya Marekani, chenye herufi za Kigiriki, kiapo, siri kidogo na mara nyingi nyumba yake. Jimbo la Ohio, nilikosoma, ndiko kwenyewe kwa mambo hayo. Chuo Kikuu cha Miami, ambacho kipo mji wa Oxford, Ohio, na hakina uhusiano na Florida, ndicho kilichozaa Beta Theta Pi mwaka 1839, Phi Delta Theta mwaka 1848 na Sigma Chi mwaka 1855. Yetu siyo mojawapo ya hizo, na chuo chetu siyo hicho. Majina nayahifadhi.

Nilipomwambia mama kwa simu kwamba nimejiunga na chama chenye herufi za Kigiriki na namna yake ya kusalimiana kwa mkono, alinyamaza, halafu akauliza taratibu, "Baba, umeingia Frimasoni?" Kesho yake akapiga mjomba. Keshokutwa mchungaji akaomba namba yangu. Aliyeniokoa ni Nkrumah. Mjomba ni mtu wa siasa za zamani, basi nikamweleza kwamba Kwame Nkrumah na Nnamdi Azikiwe wote wawili walikuwa wanachama wa Phi Beta Sigma, frateniti ya watu weusi iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Howard mwaka 1914. Mjomba akatafakari. "Kama Nkrumah alikuwemo, mwacheni kijana." Mchungaji hakushawishika, bado ananiombea.

Siri niliyowaficha wote ni kwamba niliingia kwa ajili ya chumba. Kodi ya nyumba ile ilikuwa chini ya bweni kwa dola mia tatu hivi kwa mwezi. Sikuuliza kwa nini. Mvua ya kwanza ilinijibu.

Matatizo ya tawi yalianza kabla yangu. Usiku wa kuwapokea wanachama wapya, wakubwa waliwanywesha vijana pombe kali kwa amri. Mmoja akaishia hospitali. Akapona, lakini wazazi wake walikwenda moja kwa moja kwa wakili, na walifanya vizuri. Chuo kikalifungia tawi miaka miwili. Makao makuu yakatuma watu, wakamhoji kila mwanachama peke yake, na walipomaliza, waliobaki walikuwa wanaenea kwenye gari moja dogo. Tuliosoma bweni Tanzania tunayajua mambo ya njuka, yaani mwanafunzi mgeni: kumfulia kaka mkubwa soksi, kuimba juu ya meza saa sita usiku. Tulikuwa tunayasimulia kwa kicheko. Ohio hakuna wa kucheka, hasa baada ya sheria ya mwaka 2021 iliyofanya kumnywesha mtu pombe kwa nguvu hadi akaumia vibaya liwe kosa kubwa la jinai.

Basi nikawa rais wa tawi. Ya uchaguzi tuyaache, hakukuwa na mpinzani.

Makao makuu yakatuletea kijana mshauri na slaidi zake. Kwa mujibu wa slaidi, wanachama wapya hupatikana kwa meza uwanjani, fulana za bure na usiku wa piza. Tukachapisha fulana kama mia na hamsini, za zambarau, herufi zetu kifuani, kwa pesa ambayo hadi leo nikiikumbuka tumbo linaniuma. Kufika adhuhuri fulana zote zimekwisha. Mshauri akanipiga picha nikitabasamu, akaituma makao makuu. Jioni tukapanga maboksi ya piza, na viti tukaazima kanisa la jirani. Wakaja watu watatu. Wa kwanza alikuwa anatafuta klabu ya chesi. Wa pili aliuliza kama kuna piza isiyo na nyama, akachukua vipande vinne kwenye leso, akatoka. Wa tatu alisimama mlangoni, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Ninyi ndio wale?"

Tulikula piza wiki nzima, asubuhi na jioni. Fulana nazo nilizidi kukutana nazo: moja kwa mpishi wa kantini, moja juu ya mbwa aina ya labrado aliyekuwa anatembezwa karibu na mto. Ilimkaa vizuri kuliko mimi.

Lakini lile swali la yule wa tatu ndilo lililotusaidia. Kila mzazi alikuwa analo na hakuna aliyekuwa analitamka mbele yetu. Sheria ile ile ya 2021 inavitaka vyuo vya Ohio viweke hadharani taarifa za makosa ya namna hii, na taarifa yetu ilikuwa mtandaoni, mtu yeyote aisome. Nikaichapisha. Siku wazazi walipokuja kutembelea chuo, tulikaa mezani bila fulana wala peremende, taarifa ile imelala katikati ya meza, imewekewa jiwe isipeperuke. Mzazi akifika, namkabidhi kwanza. "Soma hii, mama, halafu niulize." Mwenzangu mmoja alisema nimerogwa. Wazazi walikuwa wanasoma, wanakunja uso, halafu wanavuta kiti. Akina mama ndio waliokaa muda mrefu zaidi, na mama akishakaa, mtoto hana pa kwenda.

Tena msipoteze nguvu kwa vijana wa mwaka wa kwanza peke yao. Hao wanagombewa na kila chama. Sisi tuliwafuata wale wanaohamia mwaka wa tatu kutoka vyuo vya miaka miwili: wamekuja wakubwa, hawana rafiki, wanakula peke yao na simu mkononi. Unamkaribisha chakula cha jioni Jumatano, Jumatano inayofuata anakuja na mwenzake. Nilikuwa napika pilau. Walidhani karafuu zimedondoka humo kwa bahati mbaya, wakawa wananirudishia pembeni ya sahani kwa heshima.

Watu wakaanza kupatikana, ikabaki pesa. Makao makuu walikuwa wanatudai dola elfu tisa na kitu, bima ilikuwa inahesabiwa kwa kila kichwa, na fundi wa paa alitaja bei inayozidi elfu ishirini huku anakunywa kahawa yetu. Tuliwatumia wahitimu barua pepe zenye kitufe cha kubonyeza uchangie. Zilileta dola arobaini, kutoka kwa mjane wa mwanachama.

Hapo ndipo nilipoacha kufikiria Kimarekani. Kwetu ukitaka kumuoza mtu unaunda kamati: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, vikao kila Jumapili, na daftari. Mtu haombwi pesa, anaombwa ahadi. Ahadi ikishaandikwa, kazi inayobaki ni kuisoma mbele za watu. Nikanunua kaunta buku gumu, nikachora safu tatu: ahadi, ametoa, salio. Majina niliyatoa kwenye vitabu vya kumbukumbu za vikao vilivyokuwa vinaota ukungu chini ya ngazi. Mweka hazina wangu, mtoto wa mkulima wa mahindi anayesomea uhasibu, akatafuta namba. Tukapiga simu mmoja mmoja. "Mzee, nikuandike ngapi? Si lazima utoe leo." Hakuna aliyekataa kuandikwa. Walidhani ni mazungumzo tu!

Oktoba, wahitimu wanaporudi chuoni kuangalia mechi, tukawaandalia kifungua kinywa, na chai ya maziwa yenye tangawizi niliyoipika mwenyewe. Walipotulia nikasimama na daftari langu, nikaanza kusoma. Jina, mwaka wa kuhitimu, ahadi, ametoa, salio. Nilipofika kwa jaji mstaafu wa mwaka 1969, ahadi elfu moja, ametoa sifuri, salio elfu moja, hata vijiko vilinyamaza. Mweka hazina alikuwa mwekundu kama nyanya. Jaji akainuka polepole, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, nakiri kosa, naomba nipunguziwe adhabu." Chumba kizima kikalipuka kwa kicheko. Akaandika hundi hapo hapo, juu ya mgongo wa mwenzake.

Nikaona mlango umefunguka, nikawasha muziki wa dansi wa nyumbani. Nikawaeleza kwamba kwetu mtu haleti mchango kwa kutembea, anakuja anacheza. Wa kwanza kusogea alikuwa mzee anayetumia kigari cha kutembelea, na alicheza nacho vizuri ajabu. Halafu nikafanya uhuni kidogo: nikaanza kutangaza jumla kwa kila mwaka. Wa 1974 wamefika hapa, wa 1975 mko wapi? Wa 1975 wakaanza kunong'ona, wakaongeza. Wa 1974 wakasema hesabu ina kasoro, wakaongeza wao pia. Muuza magari alicheza kuliko wote na akatoa elfu mbili. Ile pati nikaifuta moyoni.

Usiku huo huo tulipiga picha kurasa za daftari, tukamtumia kila aliyetoa, na risiti za matumizi zikawa zinabandikwa kwenye friji. Bila risiti, mwaka wa pili hawarudi. Deni la makao makuu tukalilipa kidogo kidogo. Paa alilifanya mhitimu mmoja mwenye kampuni ya kuezeka, kwa bei ya mabati na misumari tu. Yule fundi wa kahawa sikumpigia tena.

Chuo kiliondoa masharti mwaka uliofuata, tukiwa zaidi ya ishirini. Mapokezi ya wageni tuliyapindua: wiki ya kwanza wa mwaka wa nne ndio wanaopika na kuosha vyombo, njuka amekaa. Wa mwaka wa nne walilalamika sana, mimi nikiwemo, maana masufuria ya pilau ni mazito.

Sasa nafanya kazi Columbus. Juzi mwenyekiti wa sasa kanipigia. Vijana wanataka kuacha kusoma ahadi hadharani, kila mtu aone salio lake kwenye simu, eti wazee wanaona haya. Nikamuuliza, hiyo simu itachezaje dansi? Hakunijibu. Wanapiga kura Jumapili.