Siku moja ya mkunga wa Pemba: wiki ya 18

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilitoka nyumbani, na saa moja nilikuwa nimeshapokea zamu ya wodi ya wazazi. Kufikia saa nne mzazi mmoja alikuwa amekwishajifungua mtoto wa kike, nami nimepima akina mama 11 wa kliniki. Watu wa nje hudhani kazi yangu ni kumdaka mtoto anapotoka, wala hawajui kwamba nusu yake ni kuhesabu siku.

Mnamo saa tano aliletwa mke wa mvuvi aliyeko dago, yaani kambi ya uvuvi ya mbali na nyumbani, mimba yake ikiwa imeshatoka njiani. Kumhudumia hakukunishinda, kilichonishinda ni mavyaa wake aliyesimama mlangoni. "Mwanangu, zimetimia mia na ishirini?" aliniuliza, nami ndiyo kwanza natafuta mshipa wa kumtundikia mkwewe dripu. Swali lina msingi wake: kwa Hadithi ya Mtume aliyoipokea sahaba Ibn Masud, roho hupulizwa baada ya arubaini tatu, yaani siku 120 za mimba, na kwetu sisi Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, aliyefika hapo, hata akitoka bila dalili ya uhai, hukoshwa, hutiwa sanda na kuzikwa, ilhali wa chini yake husitiriwa kwa kitambaa na kuzikwa tu.

Kadi ilisema wiki 18 kamili, yaani siku 126. Lakini kadi huanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, takriban wiki mbili kabla mimba haijatunga. Tangu kutunga, basi, zilikuwa kiasi cha siku 112. Nilimweleza haya mara nne, mara moja kwa kumchorea nyuma ya bahasha, naye akampigia shekhe simu, shekhe akataka kusema nami, simu ikazimika, na mgonjwa wa kitanda cha pili akawa ananiita. Chai niliinywa baridi, saa sikuitazama.

Linalonichosha zaidi ni kwamba hesabu hiyohiyo huletwa na msichana anayetaka mimba itolewe: "Hazijatimia, mama, bado si mtu." Wapo wanazuoni wa madhehebu yetu walioruhusu kabla ya roho, lakini Imamu Ghazali, naye mwanazuoni wa Kishafi, alikataza tangu mwanzo, akasema kosa huzidi kadiri mimba inavyokua. Sheria ya Zanzibar nayo haiulizi siku. Huuliza kama maisha ya mama yamo hatarini. Mimi namwona Ghazali yu karibu zaidi na yale yapitayo mikononi mwangu, kwa kuwa sijapata kuiona siku ambayo jana yake palikuwa na kitu na leo yake pana mtu.

Jua lilikuwa limeshainama nilipomkabidhi mavyaa kile kifurushi, pamoja na jibu langu la mwisho, kwamba zilipungua siku nane hivi, na hata hizo nane siwezi kuziapia. Hakujibu. Alifungua mkoba, akatoa bafta nyeupe iliyokwishakatwa, fupi kama leso ya mkononi, akaniomba maji ya kukoshea.