Siku moja na mkwezi wa Kaole

Saa kumi na mbili asubuhi nishafika shambani, hapa Kaole, Bagamoyo, kamba ya miguuni begani, panga kiunoni. Mpaka saa tatu ni kupanda, kukata makole ya nazi na kushuka, basi. Watu hudhani ukwezi ni nguvu tu, kumbe mkwezi ndiye anayejua afya ya mnazi, maana kileleni anafika yeye.

Minazi yenye majimoto, wale chungu wakali wa mitini, nilitaka niikwee mapema, kabla jua halijawachangamsha. Mara akaja mwenye shamba na bomba la dawa. "Leo wafe wote."

"Mzee, nisikilize kwanza."

Anayeng'atwa ni mimi. Majimoto hawana mwiba. Wanakaza meno, kisha wanakurushia tindikali kwenye jeraha, nawe mikono yote imeshika mti. Bado niliwatetea. Nikampeleka kwenye mwembe walipokuwa wanajenga kiota. Wameshikana viuno, wanavuta majani mawili yakutane. Wenzao wamebeba mabuu mdomoni, wanayapitisha huku na huku, na hariri inayotoka kwenye buu ndiyo inayoshona majani. Kundi zima huwa na malkia mmoja, viota vimetapakaa miti kadhaa.

Kisha nikamwonyesha mnazi usio na majimoto: vidaka, yaani nazi changa, vimejaa chini. Yupo mdudu jamaa ya kunguni, wataalamu wanamwita Pseudotheraptus wayi, anachoma kidaka na kufyonza. Kidaka kinadondoka, au nazi inakua na makovu. Majimoto humwinda huyo. Wako pia chungu wadogo wa kahawia, askari wao vichwa vikubwa, hujenga shinani. Hao huwafukuza majimoto, na nazi hawazilindi.

"Sasa wewe unawapenda kwa nini, wakati wanakutafuna?"

"Kwa sababu nalipwa kwa nazi ninazoangua, Mzee. Vidaka vikianguka tunakosa wote."

Tukabishana mpaka adhuhuri. Akakubali bomba likae ghalani mpaka bwana shamba aje aone. Nilishukuru, ila ubaridi wa asubuhi ulishaondoka. Minazi ile niliikwea juani, majimoto wamechachamaa, shingo yote inawaka. Sikuvunja kiota hata kimoja.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Kufua nazi kwenye kifuo, kuhesabu, kupakia kwenye guta, kudai changu. Jua linazama mikono haikunjiki.

Kesho ni Mlingotini. Mwenye shamba wa kule nimeshampigia: asipulize kitu mpaka nikague vilele.