Mbio za Alfajiri kwa Bibi, Njombe

Abiria waliozoea njia ya kusini utawatambua Mafinga. Basi likisimama tu wanashusha mabegi, wanatoa majaketi na mizula, wanavaa bila haraka, wanarudi kukaa. Tulikuwa tumetoka stendi ya Magufuli pale Mbezi kabla hapajapambazuka, tukapita hifadhi ya Mikumi madirisha yakiwa wazi, Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu dirishani, kisha gari likaanza kuupanda Kitonga nyuma ya foleni ya malori ya Tunduma. Kitonga ndio mlango. Chini yake kuna mibuyu na jua kali. Juu yake hewa nyingine kabisa. Ukifika Mafinga, misindano ya Sao Hill imejipanga pande zote mbili za barabara. Ukifika Makambako, pale njia ya Songea inapoachana na ya Mbeya, upepo unakupokea mlangoni mwa basi.

Nilikuwa nakwenda kwa bibi. Baba mdogo alitupigia simu mmoja mmoja: mahindi yamekauka shambani, watoto wanafunga shule, bibi anauliza tunasubiri nini. Basi ukoo ukutane kuanzia mwisho wa Juni mpaka Saba Saba, mahindi yavunwe na kupukuchuliwa, na wajukuu wamwone bibi yao angali na nguvu. Ndani ya begi, chini ya kanga na sukari, niliweka raba zangu. Dar nakimbia kila wiki, Coco Beach na Daraja la Tanzanite, na Jumapili na kikundi cha jogingi cha mtaani. Kule tunaamka usiku ili tumalize kabla ya joto. Sikuwahi kukimbia kwenye baridi ya kwetu, na nilikuwa na hamu nayo tangu Mei.

Mji wa Njombe uko kwenye mita zipatazo 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kijiji cha bibi kiko juu zaidi kidogo. Watu wa Pwani wanaujua upepo wa kusi kwa jinsi unavyochafua bahari kuanzia Juni. Upepo huohuo ukishaingia bara unakutana na kuta za nyanda za juu, unapanda, unapoa, na unyevu wake unakuwa ukungu na manyunyu yanayoweza kukaa siku nzima. Mbingu zikifunguka usiku ndipo mambo yanapokuwa makali zaidi, kwa sababu joto la ardhi linapotea lote juu, na asubuhi unakuta nyasi zimeganda.

Jioni ya kwanza tulikaa wote kuzunguka jiko la mkaa sebuleni. Maharage yalikuwa jikoni tangu mchana. Kwenye mwinuko ule maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 95, kwa hiyo kila kitu kinachochemshwa kinataka subira. Muda wa kulala ulipofika baba mdogo alilibeba jiko mwenyewe, akalitoa nje hadi uani, akarudi kuhakikisha hakuna mtoto aliyechukua kaa la kwendea nalo chumbani. Nalieleza hili kwa makusudi. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mikoa ya baridi imezika familia kwa sababu hiyo. Ukienda likizo huko, lala na blanketi la tatu, jiko liache nje.

Alfajiri nilipofungua mlango, baba mdogo alikuwa ameshaamka, anawasha moto wa maji.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Unakwenda wapi saa hizi?”

“Nakwenda kukimbia kidogo.”

Akaniangalia kuanzia raba mpaka mzula. “Kukimbia kwenda wapi?”

Swali lake lilikuwa la haki, na nililielewa nusu saa baadaye. Kijijini mtu mzima hakimbii alfajiri bila habari. Anayekimbia kabla ya jua kuchomoza amebeba msiba, au nyumba imeshika moto, au mjamzito amezidiwa na gari halijapatikana. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kisimani aliponiona nakuja alitua ndoo chini, akashika kichwa, akauliza ni nani. Ilibidi nisimame, nimsalimie “Kamwene” kwa taratibu zake zote, nimweleze mimi ni mtoto wa nani, kwamba bibi ni mzima, kwamba wote ni wazima. Akashukuru Mungu, akabeba ndoo yake. Nikaenda hatua mia mbili, nikakutana na mzee na fimbo yake, tukaanza upya.

Wanaokimbia mjini wamezoea kupita watu kwa kuinua mkono. Kule haiwezekani, na sioni kwa nini iwezekane. Mtu anayekupita bila salamu kwenye njia ya shamba lake amekuondolea kitu asubuhi hiyo. Nilisimama kwa kila mtu.

Jioni baba mdogo alikuwa na jibu lake tayari. Hakusema niache. Alisema, “Kesho ukipita kule juu kwenye mikaratusi, mwambie yule mzee mwenye mashine ya kupukuchulia aje Alhamisi.” Kesho yake nilikuwa na la kusema. Mama wa kisimani alipouliza, nilimjibu nimetumwa, naye akacheka, akasema basi wahi. Baada ya hapo kila jioni palikuwa na ujumbe: kuulizia mbegu za viazi, kurudisha panga, kupeleka dawa ya shangazi, kumwambia fundi mabati yamefika. Habari ilitangulia mbele yangu, na watoto wakawa wananisubiri njiani na jumbe zao wenyewe. Nimekimbia kwenye mashindano yenye namba za kifuani na medali za shingoni, lakini mbio zilizonipa furaha kubwa ni zile za kurudisha panga.

Mwalimu wangu wa baridi alikuwa mdogo wangu, binti wa baba mdogo, yuko kidato cha tatu kwenye shule ya kata. Anakimbia mita 1,500 na 3,000, na mwaka huu alifika ngazi ya wilaya ya UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Tulipotoka pamoja mara ya kwanza aliniambia mapema, “Kaka, hapa hatuanzi na mbio. Tunatembea mpaka ule mti, halafu tunajikokota mpaka darajani, halafu ndiyo utajua kama mwili unataka.” Mikononi alikuwa amevaa soksi badala ya glovu. Mdomoni alifunga kanga nyepesi, na sababu yake aliijua vizuri: hewa ya alfajiri ni baridi na kavu, ikiingia kwa kasi inakausha koo na kubana njia za pumzi, ndiyo maana wengi hukohoa wakimaliza. Kanga inazuia unyevu wa pumzi yako mwenyewe na kuurudisha. Mwenye pumu ana sababu zaidi ya kujifunga, na siku nyingine ana sababu ya kubaki nyumbani.

Njia yake ilishuka kwanza bondeni, kwenye vinyungu, zile bustani za mabondeni ambazo kwetu hulimwa kiangazi kwa kuwa udongo wake haukauki. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba baridi haikai sawa mahali pote. Hewa baridi ni nzito. Usiku inateremka kwenye miteremko kimyakimya na kujikusanya chini. Juu kwa bibi nilisikia baridi ya kawaida. Tulipofika bondeni masikio yalianza kuuma, vidole vikafa ganzi, na nyasi zilikuwa nyeupe zikivunjika chini ya raba. Viazi vya mtu mmoja vilikuwa vimeungua majani yote, meusi, yamelala. Tukapanda upande wa pili kuelekea kwenye shamba la misindano, na katikati ya kilima, bila jua kuchomoza, joto lilirudi lenyewe. Mdogo wangu hupanga mwendo wake kwa hilo: bondeni hasimami, hata kamba ya kiatu ikifunguka anaifunga akishapanda.

Kilima kile kilinifundisha kingine. Kwenye mwinuko wa mita 2,000 kila pumzi inaleta karibu moja ya tano ya oksijeni pungufu kuliko Coco Beach. Mwendo ninaozungumza nao bila shida Dar, kule ulinifanya nikae kimya. Tulipofika juu tulizungumza habari za John Stephen Akhwari wa Mbulu, kwa sababu kila mtoto anayekimbia Tanzania anamjua. Mexico City, ambako alikimbia marathoni ya Olimpiki mwaka 1968, ni juu zaidi ya Njombe, mita zaidi ya 2,200. Misuli ilimkaza, akaanguka na kuumia goti, na bado aliingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, mguu umefungwa bandeji. Nimesikia habari ile tangu darasa la pili. Niliihisi kifuani pale, nimeshika magoti chini ya misindano.

Mdogo wangu yeye ana mashujaa wa karibu zaidi. Alphonce Simbu, kwanza. Septemba 2025 alipochukua dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo, yeye na Amanal Petros wa Ujerumani waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, na picha ya mstari wa mwisho ndiyo iliyoamua. Hiyo aliiangalia kwenye simu ya mwalimu, mara nyingi mpaka chaji ikaisha. Na Magdalena Shauri, aliyeshika nafasi ya tatu Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Anazitaja namba hizo bila kufikiri, hadi sekunde, na anakasirika kwamba mtaani kwao vijana wanaweza kukutajia kikosi cha timu ya Ulaya mpaka wa akiba lakini hawajui Shauri ni nani. Nakasirika pamoja naye.

Bibi ndiye aliyekuwa na wasiwasi kuliko wote. Aliogopa kichomi. Kwake yeye mtu anayetoka jasho kwenye baridi ameikaribisha kifuani, na sikubishana naye kuhusu vijidudu. Hata hivyo ndani ya hofu yake mna maarifa ya kweli: jasho likipoa mwilini ndipo unapotetemeka, na fulana ya pamba ikishalowa haikauki, inakukalia na maji yake. Kwa hiyo nilivaa jezi nyepesi ndani, sweta juu, na nikifika uani kitu cha kwanza ni kuvua vyote na kuvaa vikavu, kabla ya chai, kabla hata ya kukaa. Bibi alianza kuniwekea maji ya moto kwenye karai. Halafu viazi vya kuchemsha na chumvi, na chai ya rangi kutoka mashamba ya hukohuko.

Asubuhi moja, wengine wako shambani, nilikaa naye akichambua maharage, akaniuliza tena kwa nini nakimbia. Nikamwambia nakimbia kwa afya. Akanyamaza, kisha akanisimulia babu. Babu alikwenda manamba Tanga, kukata mkonge, kama walivyokwenda vijana wengi wa Njombe enzi za Mwingereza, kwa sababu kodi ilidaiwa na hapa hapakuwa na kazi ya fedha. Waliondoka alfajiri kama hizi, mwezi kama huu, blanketi moja begani, wakienda mbio na kutembea, mbio na kutembea, wawahi lori lililokuwa likichukua watu mjini. Yeye alikuwa bado binti. Alisimama njiani na wenzake kuwaangalia wakipotea kwenye ukungu. Mwanamume mmoja kati ya wale waliokimbia ndiye aliyerudi baada ya mkataba wake na kuja kumposa. Baadaye, kampuni ya miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi, iliyoanzishwa Njombe mwaka 1949 ilipokuwa imetanua mashamba yake, babu alipata kazi huko, hakuondoka tena.

“Kwa hiyo nikikuona unapotea kule,” bibi akasema, “huwa nahesabu mpaka unarudi.”

Kuanzia hapo nilimwambia kila siku njia nitakayopita na saa ya kurudi, na niliitunza saa hiyo.

Kwenye lami hatukukimbia sana. Malori ya mbao hutoka usiku, ukungu ukiwa mzito dereva anakuona ukiwa umeshafika mbele ya taa zake, na bodaboda wamejifunika uso mpaka machoni. Atakayekwenda avae rangi kali na akimbie akiyatazama magari yanayokuja. Njia za mashamba zinatosha, na ni nzuri zaidi.

Saba Saba tulikuwa na wageni kila chumba. Mahindi yalikuwa yameshaingia kwenye magunia, mzee wa mashine amelipwa, mbuzi amechinjwa. Alfajiri ile tulitoka watu kumi na zaidi: binamu kutoka Mbeya, mashemeji wawili, watoto wa shule ya msingi wamejifunga mashuka, na baba mdogo mwenyewe, na buti zake za shamba. Alisema anakwenda tu mpaka darajani. Darajani hakusimama. Alipanda kilima chote kwa mwendo wake, akifika kwa kila mtu anatusubirisha kumsalimia, na huko juu mzee wa mikaratusi alitoka nje na mkewe kuuliza safari hii tumetumwa nini wote hawa.

“Tumetumwa tuje tuwasalimu,” baba mdogo akamjibu, na tukaingizwa ndani kunywa uji.

Siku ya kuondoka mdogo wangu alinisindikiza mpaka barabarani, gunia la viazi likiwa limeshatangulia kwa bodaboda. Anakimbia na raba za mchezo wa wavu alizoachiwa na dada yake, soli imekwisha upande mmoja. Nikamuuliza anavaa namba ngapi. Akasema 38, halafu akafikiri, akasema ninunue 39, kwa sababu asubuhi huvaa soksi mbili.