Ampu yangu ya gita ilipokunywa chai ya tangawizi

Ampu, lile sanduku la kukuzia sauti ya gita, si meza. Najua ina kimo cha stuli, na juu ni bapa kama inakuomba uiwekee kikombe. Lakini ya kwangu vifundo vyake vimepangwa hapo hapo juu, si mbele, na chini ya kila kifundo kuna tundu linaloshuka moja kwa moja hadi kwenye bodi, kile kibao chenye vipuri vya umeme. Mama mmoja wa kwaya yetu hapa Umoja hakuyajua hayo. Usiku wa kesha, mwezi wa saba, baridi ile ya Nairobi inayopenya hata koti, alitua kikombe cha chai ya maziwa juu ya ampu yangu ili apate mikono miwili ya kupiga makofi. Wimbo ukachangamka. Kikombe nacho kikachangamka.

Sikukiona kikianguka. Nilisikia spika ikitatarika kama karai la mafuta ya chipsi lililodondokewa na maji, ikanguruma mara moja, halafu kimya. Gita likabaki na mlio wa nyuzi tupu. Mpiga kinanda hakusimama hata sekunde moja. Nadhani hakugundua, na hilo liliniuma kidogo.

Hapa naomba nijisifu. Kijana wetu wa besi alikuwa ameshanyosha kidole azime swichi ya ampu, ile ile iliyokuwa inachuruzika chai. Nilimpiga kofi la mkono, nikakimbilia ukutani nikazima soketi na kuchomoa plagi. Umeme wetu ni wa volti 240, haujui kwamba uko kanisani. Kisha nikaipindua ampu kichwa chini, miguu juu, chai itokee ilikoingilia. Ilitoka nusu kikombe hivi. Nusu nyingine ilikuwa imeamua kukaa.

Kama hujawahi kumwagikiwa, hujui unaabudu na mafundi wangapi. Mzee mmoja wa kanisa aliniita kando kwa upole: "Kijana wangu, hiyo izike kwa mchele. Simu yangu ilianguka kwa karai la nguo, nikaiweka kwa mchele, mpaka leo inapiga." Nilimwambia asante mzee. Simu yake inaenea kwenye bakuli. Ampu yangu ina kilo karibu ishirini na spika ya inchi 12. Ningehitaji gunia zima la pishori, na mke wangu angenizika mimi humo humo.

Wa pili akasema jua. Huyo nilimsikiza, na ndiye ninayemlaumu mpaka leo. Nilipandisha ampu hadi juu ya ploti, kwenye kamba za nguo, nikaiacha siku mbili ikiwa imefunguliwa mgongo. Jua la Julai mnalijua: linatoka saa nane, linachungulia, linarudi ndani. Siku ya tatu nikaichomeka. Ikawaka! Nilipiga kama dakika kumi, nikaita hadi jirani aje asikie. Ilipopata joto, ikaanza kutoa harufu ya maziwa mala. Nikizungusha kifundo cha besi, sauti inakwaruza kama mtu anayesugua sufuria kwa mchanga. Nikaongeza sauti, ikanguruma, fyuzi ikaungua.

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho wale wataalamu wote hawakunitajia. Jua lilikausha maji, na maji hayakuwa na shida kubwa. Sukari haikauki ikaondoka, wala maziwa. Vinabaki kwenye bodi kama gundi, vinanyonya unyevu wa hewa, vinapitisha umeme mahali usipotakiwa kupita, na polepole vinakula shaba. Ampu iliyomwagikiwa maji matupu unaweza kuikausha. Ya chai, soda au uji lazima ioshwe. Ndiyo, ioshwe, kama sahani.

Lakini ioshwe na nini? Hapa nilifanya upuuzi ambao sitaki uuone kwenye ampu yako. Rafiki yangu anayepaka magari rangi alinipa tina, ile ya kuyeyushia rangi, kwenye chupa ya maji, akasema inaondoa kila kitu. Hakudanganya. Nilianza na ule uso wa juu wenye vifundo, nikapangusa mara moja, kitambaa kikarudi kimeng'aa. Nikapangusa tena. Nilipotazama, maandishi yote yalikuwa kwenye kitambaa. Pale palipoandikwa volyumu, besi na trebo pamebaki chuma kitupu, na kifundo kimoja cha plastiki kimelainika kama chingamu iliyokaa juani. Bahati yangu nilikuwa sijafika kwenye bodi. Leo ampu yangu ina herufi V, B na T za rangi ya kucha, nyekundu, mwandiko wa mke wangu. Wapo wanaodhani ni toleo maalumu.

Nikaibeba hadi Luthuli, ile barabara ya maduka na mafundi wa elektroniki mjini. Makanga alinitoza nauli ya watu wawili, akasema mwenzangu amekalia kiti. Fundi niliyempata kwenye kibanda cha juu hakufungua hata skrubu; aliinusa tu, akasema, "Hii ni ya tangawizi." Bei aliyotaja ilikuwa elfu nne, au tano, na niiache wiki nzima. Sikuwa nazo. Lakini alikuwa mtu mwema, maana nilipokuwa naifunga tena kwa kamba aliniambia mambo mawili bure. La kwanza, nitafute ile spiriti wanayosafishia bodi za simu, isopropili, isiyochanganywa na kitu, si ile ya dukani ya kupaka vidonda. La pili, hata nikishaiosha, nisiirudishie stima moja kwa moja. "Ipitishe kwa balbu kwanza. Balbu ya waya, si hizi za kisasa."

Isopropili nilipimiwa kachupa kadogo na kijana wa simu hatua chache kutoka hapo. Maji nilinunua kwenye kituo cha mafuta: maji ya betri, lita moja. Sema vizuri maji, maana asidi ya betri nayo ipo na chupa zinafanana. Maji ya betri hayana chumvi, kwa hiyo yakikauka hayaachi kitu. Ya bomba yana madini yake.

Nikatoa bodi. Transfoma na spika havioshwi, hivyo niliviacha ndani. Yangu ni ya transista. Kama ya kwako ni ya vali, zile za kioo zinazowaka kama balbu, tafadhali usifuate hadithi yangu, mpe fundi, kwa sababu kapasita zake huweza kushika volti mia tatu, mia nne na zaidi hata baada ya kuchomoa plagi. Nilisugua kwa mswaki laini na maji ya betri, nikiona rangi ya chai ikishuka kwenye sinki. Chini ya kifundo cha besi nilikuta malai. Malai kabisa, yamejikunja kwenye miguu ya bati kama yalivyojikunja kwenye kikombe. Nikamalizia na isopropili, dirisha wazi, jiko limezimwa, maana inashika moto upesi.

Kukausha ndiko ninakojivunia. Nyuma ya friji yetu ya zamani kuna zile nyaya nyeusi zenye joto, si kali, la kupasha mgongo wa paka. Niliifunga bodi kwa uzi kwenye hanga ya shati nikaining'iniza hapo siku tatu. Usitumie drai ya nywele, inasukuma maji ndani zaidi. Halafu, nimesahau kusema, piga picha ya kila waya kabla hujaichomoa. Mimi nilipiga moja tu, na kidole changu kimeziba nusu.

Balbu sasa. Balbu za waya siku hizi si rahisi kuzipata, lakini jirani wa chini anafuga vifaranga na huwapa joto kwa balbu ya wati 100. Nilimwomba aniazime kwa dakika tano. "Baba, vifaranga watapata baridi," akasema, lakini akanipa. Unakata waya mmoja wa ekstensheni, ule wa moto, unaunganisha holda ya balbu katikati, ili umeme wote wa ampu upitie kwanza kwenye balbu. Kama hujui waya wa moto ni upi, mwite fundi wa stima. Ampu ikiwa nzima, balbu inamulika kidogo ikiwashwa kisha inafifia. Kukiwa na shoti, inawaka kwa nguvu zote na haishuki, lakini hakuna kinachoungua.

Niliweka fyuzi mpya ya namba ile ile, nikawasha. Balbu ikawaka kama ya uwanja wa mpira. Nikazima. Nikawasha tena, labda imekosea. Haikukosea. Nilikaa chini nikatazama bodi karibu saa nzima, nikamlaumu mama wa kwaya, nikamlaumu fundi, mpaka nikaona kwamba transista moja kubwa ya kutolea sauti imegusana chuma kwa chuma na lile bati la kupoza. Nyingine ilikuwa na kikaratasi chembamba kinachopitisha mwanga lakini kinazuia umeme, katikati yake na bati. Hii haina. Nilikitoa wakati wa kuosha, nikakiacha kando ya sinki.

"Mama, umeona kitu kidogo kinachong'aa hapa?" nikamuuliza mke wangu.

"Kile nilitupa. Nilidhani ni gamba la samaki."

Siku hiyo tulikula tilapia. Nilipekua ndoo ya taka mbele ya watoto, nikitenga gamba na gamba, nikiinua kila moja kwenye mwanga. Kikaratasi chenyewe huitwa mika, na mika ndiyo ile ambayo haina mistari na ina tundu moja la skrubu. Niliiosha kwa isopropili mara mbili, nikairudisha na krimu nyeupe ya kupitisha joto, nikawasha. Balbu ikamulika, ikafifia, ikatulia nyekundu kama kaa la mwisho la jiko. Nikachomeka gita nikapiga benga taratibu, mtoto wa jirani akagonga mlango akidai balbu ya vifaranga.

Trebo bado inakwaruza asubuhi kukiwa na baridi. Isopropili inatoa hadi grisi ya ndani ya vifundo, na ile dawa ya kupuliza ndani ya vifundo sijanunua. Naizungusha mara kumi, inanyamaza.

Gharama? Elfu moja na kitu, ukiacha nauli. Ukiiweka nauli ya mwenzangu, karibu elfu mbili. Kanisa lilikubali kunirudishia, kwa hiyo nilipeleka orodha kwa mweka hazina: maji ya betri, spiriti, fyuzi, na balbu mpya ya vifaranga niliyomnunulia jirani kama asante. Alisoma akafika mwisho, akavua miwani.

"Ndugu, hii ampu inataga?"