Oili ya gari la Ulaya: usiishie kwenye 5W-30

Makopo mawili ya sintetiki 5W-30 yanaweza kubeba oili tofauti kabisa. Namba hiyo ni ya uzito tu, yaani jinsi oili inavyotiririka. Fungua kitabu cha gari utafute kibali cha mtengenezaji wa gari, mfano VW 504 00/507 00, MB 229.51, BMW Longlife-04. Kisha geuza kopo, usome mgongoni. "Imeidhinishwa" ndilo neno la kutafuta. "Inafaa kwa" ni lugha ya muuzaji.

Dizeli yenye DPF (filta ya masizi kwenye ekzosi) kwa kawaida hutaka oili ya majivu machache, mfano daraja la C3 la ACEA (chama cha watengenezaji magari wa Ulaya), ambalo majivu hayazidi 0.8%. Ukitia A3/B4, daraja la ACEA lenye majivu mengi zaidi, masizi yataungua lakini majivu hayaungui, na filta itaziba polepole. VW 508 00, ambayo ni 0W-20, usiitie kwenye injini inayodai 504 00. Ni nyepesi mno.