Mstari Mmoja Mwekundu katika Hosea 11

Wapendwa katika Bwana, juma hili nimesumbuliwa na swali ambalo nililizima badala ya kulijibu. Tulikuwa katika kujifunza Neno, nami nikiwa na orodha yangu ya siku zote ya unabii uliotimia: Mika na Bethlehemu, Zekaria na mwana-punda, Isaya 53 na mtumishi anayeteswa, kisha Hosea 11:1, “nikamwita mwanangu atoke Misri,” neno ambalo Mathayo anasema lilitimia Yesu mchanga alipokimbizwa Misri. Kijana mmoja, mchanga katika imani, akainua mkono na kusema kwamba haoni Hosea akitabiri jambo lolote hapo, maana anasimulia yaliyokwisha kupita. Nilimwambia asitangulize akili mbele ya imani, nikahamia andiko lililofuata. Akainamisha uso, wala hakuuliza tena.

Usiku ule nilifungua Biblia yangu. Mstari wa kwanza wa sura ile nimeupigia wino mwekundu. Mistari 11 iliyobaki haina hata alama ya kalamu. Nikaisoma yote, nikaona kwamba kijana alikuwa amesema kweli. Hosea, aliyeuhubiria ufalme wa kaskazini katika karne ya 8 kabla ya Kristo, anakumbusha jinsi Mungu alivyowatoa Israeli utumwani, na papo hapo analalamika kwamba kadiri walivyoitwa ndivyo walivyozidi kwenda mbali, wakiwatolea Mabaali, miungu ya Wakanaani, dhabihu.

Je, Mathayo alikosea alipoandika kwamba neno hilo lilitimia? Hasha. Mika aliitaja Bethlehemu waziwazi, na hapo ahadi na tukio vinakutana bila shida. Lakini kutimia ni kujaa pia, kama mwezi unavyotimia baada ya kuonekana kwa siku nyingi ukiwa nusu. Katika Kutoka 4:22 Mungu alimwita Israeli mwanawe, mzaliwa wa kwanza. Sasa Mathayo anatuonyesha Mwana anayeipita upya njia ileile: anatoka Misri, anaingia katika maji ya Yordani, anakaa siku 40 jangwani ambako taifa lilitangatanga miaka 40, na mjaribu anapomjia, majibu yake yote matatu yanatoka Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8, yaani maneno yaleyale ambayo Musa aliwaonya nayo waliokuwa wameshindwa jangwani.

Ndugu zangu, hapa ndipo moyo wangu ulipovunjika. Mwana aliyeitwa akaitika amesimama mahali pa wana walioitwa wakakimbia, nasi tumo miongoni mwa hao waliokimbia. Wewe uliyeokoka kisha ukarudi nyuma, ukaona haya kuingia tena ibadani, sura hii inakuhusu. Anayesema ni Mungu aliyewafundisha watoto kutembea, akawabeba mikononi, akawavuta kwa kamba za upendo, wala hawakujua kwamba ndiye aliyewaponya. Mimi nilikuwa nimeyakata hayo yote ili nibaki na mstari mmoja wa kushindia mabishano. Tena, tusiwabeze Wayahudi wanaosoma Isaya 53 wakamwona humo Israeli mwenyewe. Ni mikono yao iliyotutunzia maandiko haya.

Bwana, baada ya kufufuka, alipowakuta wale wanafunzi wawili wakienda Emau, safari ya stadia 60, yaani kama kilomita 11, aliwaacha kwanza waseme yote, hata lile neno chungu kwamba walikuwa wametumaini ndiye atakayewakomboa Israeli. Ni kweli aliwakemea kwa mioyo yao mizito, lakini alitembea nao, akianzia kwa Musa na manabii wote. Sisi viongozi tunapenda kukemea, na njia hatuitembei.

Alhamisi nilimwendea yule kijana, nikamwomba msamaha, tukasoma sura nzima kwa sauti, kwa zamu. Tulipofika mstari wa 8, pale Mungu anapojiuliza atawezaje kumwacha Efraimu, yaani Israeli ya kaskazini, alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama Mungu alikuwa akilia. Nikamwambia tuusome tena.