Nilivyochagua kati ya tovuti ya kurasa nyingi na aplikesheni ya haibridi

Mteja wangu ni mwalimu wa ushonaji. Ana masomo kama sitini ya maandishi na picha, na alikuja akiwa ameshaamua: anataka aplikesheni. Sikubisha. Kazi ya haibridi naipenda. Unaandika HTML, CSS na JavaScript, lugha za kutengenezea tovuti ulizozizoea, unazifunga kwa Capacitor, zana inayozigeuza kuwa aplikesheni, na msimbo uleule unakwenda Android na iOS ya iPhone. Nikajenga toleo la majaribio kwa wiki tatu kabla ya kuuliza swali lililopaswa kutangulia: mtu anafikaje kwenye somo kwa mara ya kwanza?

Jibu nililiona nikiwa nimekaa kando ya mwanafunzi wake mmoja. Mwenzake alimtumia linki ya somo la kutia zipu kwa WhatsApp. Akaibofya. Aplikesheni alikuwa nayo kwenye simu, lakini linki ikafunguka kwenye kivinjari, ambako hakukuwa na kitu ila ukurasa wa "pakua hapa". Akarudi, akafungua aplikesheni, akatua ukurasa wa mwanzo, akaanza kushuka na orodha akitafuta zipu. Muda wote huo sketi iko mapajani, pini ziko mdomoni.

Kiufundi hilo linatibika. Android inataka faili la assetlinks.json kwenye tovuti yako, iOS inataka apple-app-site-association, yote mawili ndani ya folda ya .well-known, ili simu ijue kwamba linki za tovuti hiyo zifunguke ndani ya aplikesheni. Niliyaweka, yakafanya kazi. Ila hapo ndipo nilipofunguka macho: nilikuwa nimehangaika siku mbili kurudisha kitu ambacho tovuti ya kurasa nyingi inacho tangu kuzaliwa, yaani kila somo na anwani yake. Na asiyeipakua aplikesheni bado alikuta mlango umefungwa.

Nikarudi kwa mteja. "Mwalimu," nikamwambia, "masomo haya yanatembea kwa linki. Tuyaache yawe kurasa."

Hakufurahi, na hofu zake zilikuwa za kweli. Mtandao ukikatika je? Nikamwonyesha kwamba kivinjari kinaweza kuhifadhi kurasa zilizokwisha kusomwa na kuzifungua bila intaneti. Hata Safari, kivinjari cha iPhone, inaweza tangu 2018. Arifa je? Hapo sikumficha: kwenye iPhone, arifa za tovuti zilikuja na iOS 16.4 mwaka 2023, na zinafanya kazi kwa aliyeiweka tovuti kwenye skrini ya mwanzo tu. Akafikiri, akasema wanafunzi wake huitana wenyewe. Tukaanza upya.

Faida ambayo sikuitarajia ilikuwa kwenye masahihisho. Picha moja ilionyesha upindo wa nusu inchi wakati maandishi yanasema inchi nzima. Nilirekebisha palepale, na aliyefungua linki dakika tano baadaye akakuta kipimo sahihi. Aplikesheni yenye masomo ndani yake ingesubiri ukaguzi wa duka la aplikesheni, kisha isubiri kila mtu asasishe.

Miezi kadhaa ikapita, Mwalimu akataka daftari la vipimo vya wateja. Mara hii nilisema haibridi bila kusita. Daftari hulifungua mtu yuleyule, mara nyingi kwa siku, na hakuna anayemtumia mwenzake linki yake. Jambo lililonifanya nikate shauri hasa ni uhifadhi: tangu 2020 Safari hufuta data ambayo msimbo wa tovuti umeiandika kwenye simu, ukimaliza siku saba za kutumia kivinjari bila kuigusa tovuti hiyo. Somo likifutwa litapakuliwa tena. Kifua, kiuno na urefu wa mkono wa mteja aliyekwisha ondoka, utavitoa wapi? Ndani ya aplikesheni niliviweka kwenye SQLite, hifadhidata ndogo inayokaa kwenye simu yenyewe, visiguswe na kanuni za kivinjari.

Ada za maduka Mwalimu alilipa bila kinyongo: Google dola 25 mara moja, Apple dola 99 kila mwaka. Masomo yamebaki kwenye tovuti, na ndani ya daftari nimeweka kitufe kimoja kinachofungua ukurasa wa somo husika.